Visa ya mwajiri ama kadi ya Ujerumani, hasara ni ya nani?

Siku hizi Kisumu ukikaa na manesi wawili watatu stori ni moja tu, Uingereza ama Ujerumani, na kila mtu ana binamu ameshafika. Mi naona tunaangalia nchi sana na hatuulizi nani anabeba hasara mambo yakienda kombo.

Chukua ile visa ya Uingereza ya watu wa afya. Raha yake unatoka hapa kazi iko na mshahara unaujua, na ile ada ya matibabu ya pauni 1,035 kwa mwaka wenye wengine hutozwa, wewe huguswi. Lakini visa imefungwa kwa huyo mwajiri, akikufuta ama apokonywe leseni ya kuleta wageni unapewa kama siku 60 utafute mwingine ama urudi, na hapo ndio wengi walilia, hasa wale wa kutunza wazee. Hiyo ya wazee nayo ilifungiwa watu wa kutoka nje Julai 2025, kwa hivyo ukiona ajenti Nakuru bado anaiuza laki nane jua anakuuzia hewa. Na hata kwa kazi zenye bado ziko, leseni na cheti cha udhamini ni mwajiri hulipia, si wewe. Nesi aliyesajiliwa bado anaenda, na familia anabeba.

Sasa Ujerumani. Tangu Juni 2024 wako na kadi inaitwa Chancenkarte, unaenda bila kazi unaitafutia hukohuko mwaka mmoja, bora ufikishe pointi sita za umri, uzoefu, lugha na kadhalika. Hakuna bosi ameshika visa yako, hiyo ni kweli na ni kitu kikubwa. Ila mzigo wote unakurudia, wanataka uonyeshe euro 1,091 kwa kila mwezi, mwaka mzima ni karibu milioni mbili za Kenya, hiyo ni ploti ya mzee Njoro imeenda na tiketi bado hujakata, halafu ukifika unaruhusiwa masaa 20 tu kwa wiki mpaka upate kazi yenyewe. Kwa mtu wa kompyuta naielewa. Kwa nesi sioni maana, juu huko lazima vyeti vitambuliwe kwanza na Kijerumani kifike kiwango cha B1 ama B2, heri hospitali ikuajiri ukiwa bado hapa, zingine hata hulipia darasa.

(Na zile nafasi za kazi 250,000 watu waliimba Ruto na Scholz, aliyekuwa chansela wa Ujerumani, waliposimamia makubaliano ya Berlin Septemba 2024, Wajerumani wenyewe walisema hakuna idadi kama hiyo.)

Kuna wenye watasema ati kaa ujenge taifa. Waambieni hivyo wale wahudumu wa afya wa UHC, mpango wa serikali wa afya kwa wote, walioajiriwa kwa kontrakti 2020 wakakaa miaka wakiandamana wapewe kazi ya kudumu.

Mi ningekuwa nesi bila ploti ya kuuza ningefuata mwajiri, lakini kwanza niangalie jina lake kwa orodha ya wenye leseni kwa tovuti ya serikali ya Uingereza, ni bure, na ajenti wa hapa nimtafute kwa orodha ya NEA, mamlaka ya ajira ya Kenya. Mwenye ananitia wasiwasi ni yule anachukua mkopo wa sacco kumlipa ajenti, visa ikigonga mwamba wenzake waliomwekea sahihi ya udhamini ndio wataona payslip imekatwa.