Mashua Kuukuu Si Meza

Ukiingia hoteli nyingi za pwani yetu, kuanzia Watamu mpaka Shela, utakuta kaunta, rafu au kitanda kilichoundwa kwa mbao za mashua ya zamani. Rangi ya buluu imeachwa makusudi ibandukebanduke, ili mgeni aone kwamba ubao huu umekula chumvi kweli. Kwa macho inapendeza, sikatai. Bei yake nayo inampendeza muuzaji. Lakini mimi nina uraibu wa kufufua vyombo vikuukuu, vya baharini na vya barabarani, na kila nikiona taruma, ubavu wa mashua, limepigwa vanishi na kuwekewa kioo juu, hasira hunipanda.

Rai yangu ni hii: chombo kuukuu kikarabatiwe kirudi kazini. Kisichoweza kurudi kazini kitolewe vipuri vya kufufulia kingine. Kukigeuza pambo ni kukizika, kisha kutoza watu kiingilio makaburini.

Wanaonipinga huniambia kwamba meza angalau inaihifadhi mbao. Inahifadhi mbao, ndiyo. Mashua je? Hata yule anayeinunua nzima na kuisimamisha bustanini, bila kuikata, haihifadhi. Mashua ikikaa juani mbao zake hunywea, mianya baina ya ubao na ubao hufunguka mpaka ukaona mwanga wa upande wa pili, na pamba ya kalafati, inayoziba mianya hiyo, hulegea ikadondoka. Ikirudi majini mbao hunywa, huvimba na kujibana zenyewe. Ndiyo sababu mashua iliyotoka gadini, kwenye magogo ya kuiegemeza nchi kavu, huvuja siku za mwanzo. Mwenyewe yumo ndani na upo wake, chombo cha kuchotea, anafua maji, hana wasiwasi wowote, na watalii kutoka gatini wanampungia mkono wakidhani anazama.

Halafu kuna maji ya mvua, ambayo wengi hawayaogopi inavyopasa. Maji ya bahari huihifadhi mbao. Maji baridi huiozesha. Mashua iliyotelekezwa msimu wote wa masika, mvua ikatuama chini kwenye mkuku, ule mti wa chini unaobeba mashua nzima, huoza kuanzia ndani hali kwa nje bado inang'aa. Wazee humwaga chumvi ndani ya chombo kilicholala, na wana haki.

Kazi yenyewe hufuata bamvua. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hujaa sana, nawe unaiingiza mashua mpaka juu kabisa ufukweni, unaitia gadi huku na huku, maji yakitoka inabaki imesimama mchangani. Kwanza ni kukwangua makome na mwani. Kisha unawasha mienge ya makuti makavu na kuupitisha moto chini ya mbao, polepole, usiunguze, kwa sababu kinachotafutwa ni yule mdudu anayejitobolea vijumba ndani ya ubao bila wewe kuona zaidi ya tundu dogo la kuingilia. Baada ya hapo hupakwa deheni, chokaa iliyokandwa na shahamu, kwa mkono. Siku hizi wengi hununua rangi ya dukani, nami huinunua pia nikiwa na pesa. Juu ya mstari wa maji ni sifa, mafuta ya ini la papa, na harufu yake ndiyo inayofanya nguo zangu za kazi ziwe na msumari wao nje ya mlango. Hazijaruhusiwa kuingia ndani.

Fundi hapimi kwa mashine. Anagonga ubao kwa mpini wa tezo na kusikiliza: ubao mzima hulia kwa sauti kavu, uliooza hujibu kwa sauti nzito isiyo na mwangwi. Kisha anachoma ncha ya kisu kandokando ya misumari, maana ndipo ugonjwa unapoanzia. Msumari wa chuma ukishika kutu huvimba, huacha doa jeusi, na mbao inayouzunguka hulainika mpaka kidole kikaingia. Nilipomuuliza mzee mmoja wa Matondoni, kijiji cha mafundi wa mashua hapa Lamu, "Ami, si tubadilishe huu mmoja tu?" alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, ubao haufi peke yake. Toa na wa jirani yake." Tukatoa na wa jirani. Nyuma yake taruma lilikuwa limekatika kitambo.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni kupiga msumari. Tundu hutobolewa kwanza kwa keekee, ile ya upinde, kwa sababu ukipiga msumari kavukavu ubao utapasuka. Chini ya kichwa cha msumari huviringishwa nyuzi za pamba zilizochovywa mafuta, ndipo unapigwa mpaka kichwa kizame, na ncha inayotokeza ndani inakunjwa juu ya taruma. Nyuzi hizo ndizo zinazouziba mlango wa maji. Kijana aliyejifunza hapo anaweza kusoma mashua yoyote. Atakuonyesha ni wapi mtu aliruka hatua, na kwa kawaida utakuta ni palepale panapovuja.

Na taruma lenyewe halipindwi. Hutafutwa likiwa bado tawi, limeshajipinda lenyewe kwa kadiri ya mashua inavyotaka, na fundi hulitambua mtini. Mbao hizo hazipatikani ovyo. Serikali ilipozuia ukataji miti katika misitu ya umma, Februari 2018, mikoko yetu nayo iliguswa. Sasa mtu aliye na mataruma mazima ya mbambakofi, yaliyojipinda barabara, anawezaje kuyakata miguu ya meza?

Upande wa pili wa maji, Mokowe, nina Land Rover Series III, muundo uliotoka kati ya 1971 na 1985. Vichochoro vya mji wetu ni vya punda na hamali, hivyo mtu wa Amu, yaani Lamu, mwenye uraibu wa magari hulazimika kuvuka bahari kwenda kulitazama lake. Kuna imani iliyoenea kwamba Land Rover haishiki kutu. Bodi haishiki, kwa sababu ni aluminiamu. Baada ya Vita vya Pili Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma, kikigawiwa kwa kipimo, na waundaji wakatumia walichokipata. Chesisi, lakini, ni chuma kitupu. Tena ni mirija ya mraba yenye uwazi ndani, inayokusanya mchanga wa chumvi na unyevu mahali ambapo jicho halifiki. Na pale aluminiamu inapogusana na chuma pakiwa na chumvi, aluminiamu ndiyo huliwa: utaona unga mweupe ukichungulia kwenye maungio. Dawa yake haina ufundi mkubwa. Ingiza mpira wa maji baridi kwenye matundu ya chesisi, suuza mpaka yatoke masafi, acha ikauke, kisha rushia oili iliyokwishatumika ndani. Ikuchoshe mwili mara kwa mara, au ikufilisi mara moja.

Gari hili nalo linadai kutembezwa. Likisimama miezi, petroli huganda utando kwenye kabureta, silinda za breki hung'ang'ana, mipira ya kuzuia oili hukauka, tairi hulemea upande mmoja. Betri ikilala, kuna hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono mbele, na vijana wa Mokowe huja kutazama. Sharti lake moja: kidole gumba kikae upande uleule wa vidole vingine, kisizunguke mpini. Injini ikirudisha nyuma ghafla, gumba lililoushika mpini huvunjika.

Magari haya hatutaletewa mengine. Sheria ya Kenya haikubali kuingizwa gari lililopita miaka minane, kwa hiyo Land Rover na malori ya Bedford yaliyopo ndiyo hayohayo. Kila moja inayokatwa kuuzwa kwa kilo kama chuma chakavu inapunguza hesabu. Jamaa yangu wa Malindi bado anabebea mawe ya ujenzi kwa Bedford yake, na majirani humwonea huruma badala ya kumpongeza.

Wapo wenzangu katika uraibu huu wanaotaka kila parafujo iwe ya asili. Siko nao. Mababu zetu wa visiwa hivi walisafiri kwa mitepe, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, na leo mtepe wa Lamu utauona kwa mfano tu, katika jumba la makumbusho. Waliokuja na misumari nao waliitwa waharibifu, sina shaka. Basi msumari wa mabati naukubali, kamba ya nailoni naikubali, na injini ndogo ya kubandika nyuma naikubali, maana upepo ukikatika mvuvi mwenye samaki juani hana muda wa kusubiri asili. Mwaka 2018 hapa Lamu kilizinduliwa Flipflopi, chombo kilichoundwa kwa plastiki iliyookotwa fukweni na mitaani, mwili wake ukavishwa vipande vya ndara zipatazo 30,000, na mwanzoni mwa 2019 kikasafiri mpaka Zanzibar. Mafundi wetu walikuwa na nyundo zao zilezile na macho yaleyale. Nilikifurahia kuliko kaunta yoyote ya mbao halisi, kwa kuwa kilikwenda baharini.

Nisichokubali ni kuficha. Kuna mtindo wa kuvisha faiba juu ya mbao iliyokwisha kuoza, unyevu ukafungiwa humo, na mashua ikaendelea kuoza gizani ikiwa na sura ya biarusi. Kuna na mtindo wa kujaza pati kwenye chesisi iliyotoboka, kupiga rangi nyeusi na kuuza kabla ya masika. Hao sina cha kuwaambia.

Sasa pesa. Uraibu huu unakula pesa, na anayekwambia vinginevyo anataka kukuuzia mashua. Mvuvi anayehamia boti ya faiba simlaumu. Ana watoto wa shule, na boti ile haidai kalafati. Ila wavuvi wakihama wote, fundi wa mbao atalishwa na nani? Hapo ndipo sisi wenye uraibu tunapokuwa na kazi ya maana. Mimi nikimpa fundi mashua yangu, namwambia aje na kijana, na kijana nimlipe mimi, hata kama kwa siku za mwanzo anashika tu mienge. Pepo za kusi zikishika, kati ya Mei na Julai, bahari ikachafuka na vyombo vingi vikalala, fundi huyo ana gadi moja ya kumlisha. Meza humlipa mara moja, na kijana haji.

Nina ombi moja kwa wanaoandaa mashindano ya vyombo hapa kwetu, ya Maulidi na ya tamasha la utamaduni. Wekeni daraja la vyombo vya zamani, vya umri wa miaka thelathini kwenda juu, fundi anayejulikana atoe ushahidi wake, na mkuku uwe ni uleule wa mwanzo. Zawadi isiwe kubwa. Mtu wa Amu hahitaji zawadi kubwa ili ashindane. Anahitaji jirani wa kumpita. Mwenye mashua iliyolala nyuma ya nyumba atatafuta pamba na mafuta wiki hiyohiyo, na yule mnunuzi wa mbao za meza akija atamkuta mwenyewe yuko chini ya gadi, hana hata nafasi ya kusikia bei. Kutakuwa na ubishi kuhusu umri wa vyombo, hilo najua. Watu watagombana vibarazani mpaka alfajiri mashua ya nani iliundwa kabla ya ya nani, na nusu yao watadanganya. Mimi na yangu tutakuwamo.