Mbuzi Yule Hakuwa na Kosa

Kabla hamjaendelea kunirushia ile video nimepiga magoti mbele ya mzee mwenye kanzu, mguu wake nimeukumbatia kama jogoo wa kuazima, naomba mnisikilize. Sikuwa naomba msamaha. Sikuwa nimeokoka. Wala sikupandwa na jini, ingawa hilo ndilo toleo la Kipaza, fundi mwenzangu, na Kipaza akishalitoa jambo kwenye kundi la mafundi, hata marehemu afufuke akanushe, haaminiwi.

Wageni humu: kazi yangu ni kupima na kurekebisha viatu vya tiba. Siyo kupiga viraka stendi, ingawa mama mkwe bado ananiletea sandali za kushona. Viatu vya wenye kisukari, wa ukoma uliopona ukaacha ganzi, waliokatwa vidole, watoto waliozaliwa na nyayo zilizopinda. Na msituchukulie poa: ile bresi ya Steenbeek, viviatu viwili vilivyoungwa kwa chuma ambavyo watoto hao huvaa, ilibuniwa hapahapa Uganda.

Kazi hii ina kanuni moja naihubiri mpaka kwenye foleni ya rolex (ile chapati ya kuviringishwa na mayai): kabla ya kuvaa kiatu, tia mkono. Mwenye kisukari ambaye miguu imekufa ganzi anaweza kukanyaga kizibo cha soda kutwa nzima asijue. Jioni anavua, soksi ina damu. Kidonda cha namna hiyo ndicho baadaye humfikisha mtu kwenye msumeno. Kwa hiyo nasema, narudia, nasema tena. Kipaza amenibatiza Sheikh Tia-Mkono. Likumbukeni jina hilo, linakuja kunichoma.

Mteja ni Mzee Afande wa Bombo. Alistaafu jeshi zamani, sauti yake haikustaafu. Nilipompima mara ya kwanza nilitumia uzi wetu wa nailoni, ule unaopinda ukifika mkandamizo wa gramu 10. Mgonjwa anafumba macho, unamgusa unyayo, unauliza unahisi?

"Ndiyo!"

Nikagusa dole gumba. "Ndiyo!"

Nikaacha kugusa. Nikakaa tu na uzi wangu hewani. Unahisi?

"Ndiyo, afande!"

Nyayo zote mbili, hakuna pahali paliposikia kitu. Mzee alikuwa anajibu kwa sababu ameulizwa.

Alhamisi nikampelekea viatu nyumbani. Alasiri, kwa makusudi, maana mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda. Kiatu kilichojaribiwa asubuhi huwa adui jioni. Vilikaa vizuri. Mbele ya kidole kirefu ilibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, kisigino hakichezi, ndani hamna mshono wa kumkwaruza. Ila cha kushoto, soli ya ndani ilikuwa imeinuka kidogo pale kwenye upinde. Nikaichomoa nikaipunguza kwa kisu na msasa, nikawa nimeinama juu ya kile kiatu kitupu kama mtu anachungulia kisima. Koti langu la kazi lina mfuko wa kifuani. Mfukoni mlikuwa na rimoti ya alamu ya pikipiki, peke yake, kwa sababu pete ya funguo ilikatika tangu Jumatatu na mimi ni mtu wa nitanunua kesho.

Ninyi mmeshaona inakoelekea. Mimi nilikuwa nasaga soli.

Nikairudisha soli, nikaibana vizuri. Kisha nikakiinua kiatu mbele ya mkewe, Hajati, wajukuu na majirani wawili waliokuja kuangalia, nikashusha hotuba. Mzee, kila asubuhi, tia mkono! Nikatia wangu wawaone, nikauzungusha mpaka ncha. Laini kama shavu la kichanga. Majirani wakatikisa kichwa: huyu kijana anaijua kazi.

Mkono niliupitisha juu ya soli. JUU. Nani hutia mkono chini ya soli? (Mimi, kuanzia Jumamosi.)

Nikamwambia mzee atembee nimwone. Akapiga hatua nne, adhana ikaanza, akaketi. Katika hatua zile nne pikipiki yangu nje ilipiga kelele mara mbili. Nikachungulia. Kulikuwa na mbuzi kando ya gurudumu. Nikamrushia kokoto, akaniangalia kwa jicho ambalo sasa nalielewa.

Nikampa mzee masharti: siku ya kwanza avae masaa mawili tu, avue, akague ngozi. Akasema ataanza nayo Jumamosi, kwenye nikaha ya mjukuu wake, na mimi nije kama mgeni wa heshima. Mgeni wa heshima! Nikarudi Kampala nimevimba kichwa kuliko miguu ya wateja wangu. Njiani nilisimama Matugga kuoshewa pikipiki, nilipofika nyumbani rimoti haipo, nikampigia yule kijana wa kuosha nikamwita mwizi. Ndiyo. Nilimwita mwizi. Tutarudi hapo haraka na kwa aibu.

Haya, Jumamosi. Nimefika Bombo na Kipaza nyuma, amekuja kwa ajili ya pilau na haoni haya kusema. Pikipiki nimeiegesha hatua chache kutoka kwenye tenti, pamoja na za vijana wa boda. Kina mama wamejifunga gurbaba zao, nguo za Kinubi, sinia zimefunikwa kwa tabaga za rangi, mimi nimewekwa kiti cha mbele karibu na meza ya sheikh. Mzee amevalia viatu vyake chumbani, akiwa kitini. Baba wa binti alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo walii ni yeye.

Sheikh akaita walii. Watu wakanyamaza.

Mzee akatokea mlangoni. Kanzu nyeupe, kofia, viatu vyangu vinang'aa. Nikamkanyaga Kipaza: tazama kazi hiyo. Mzee akatanguliza mguu wa kushoto.

WIIU-WIIU!

Kila mtu akageuka. Mzee akaweka wa kulia. Kimya. Wa kushoto.

WIIU-WIIU!

Wa kulia. Kimya.

Mzee wa jeshi hasimami kwa sababu ya kelele. Akazidi kukaza mwendo, na pikipiki ikawa inamwitikia kila mguu wa kushoto, barabara, haikosei, kama sajenti yuko nje anaendesha gwaride. Kijana mmoja nyuma akashindwa kujizuia: "Kushoto! Kulia! Kushoto!" Mama yake akamfinya. Sheikh kashika kipaza sauti, mdomo wazi, hajui aendelee au asome kitu kingine.

Nikajua tu ni pikipiki yangu inaharibu shughuli ya watu. Nikachomoka mbio, nikavua koti nikaifunika kama anayezima moto. Haikusikia koti. Vijana wa boda wakanizunguka.

"Rimoti iko wapi?"

"Sina."

Ndugu zangu, mkiwahi kukutwa mmekumbatia pikipiki inayolia, mbele ya vijana wa boda, jibu siyo "sina". Mmoja alinidaka mkanda kwa nyuma akanipandisha mpaka nikawa nasimama kwa vidole. Ufunguo ulikuwa kwenye koti, koti liko juu ya pikipiki, mkono haufiki. Neno "mwizi" lilitoka mahali fulani nyuma, dogo, likaanza kukua. Nikamtafuta Kipaza kwa macho. Kipaza alikuwa anarekodi.

Mzee Afande akaona mgeni wake wa heshima ananing'inia. Akaacha meza, akaja kuniokoa. Na kila anavyonikaribia, WIIU, kimya, WIIU, kimya, WIIU. Akasimama mbele yetu akanguruma: "Mwacheni!" Pikipiki nayo ikanyamaza, tuli, kama imeamrishwa yenyewe.

Mkanda wangu ukaachiwa.

Kijana mmoja akasema taratibu, "Mzee, hebu sogea." Mzee akasogeza mguu wa kushoto. WIIU. "Rudi." WIIU. Bibi mmoja akavuta mtandio, astaghfirullah. Sheikh, kule kwenye spika, akaanza Ayatul Kursiyyu. Watoto wawili wakakimbia, na nina hakika yule mbuzi alikuwa pale pembeni anatazama.

Ndipo ikaniingia. Siyo kichwani, tumboni. Upinde wa kushoto. Kisu, msasa, mfuko wa kifuani. Baridi ikanishuka, na amini msiamini, haikuwa tena habari ya kupigwa. Mtu asiyehisi unyayo amesimama juu ya kipande cha plastiki chenye kona nne, nimekiweka mimi, na ameondoka mlangoni kwa mwendo wa gwaride.

Nikajitupa chini. Nikaukumbatia mguu, nikapaza sauti, "Mzee, usikanyage! Kosa ni langu!"

Umati: "Ameungama!"

Hapo ndipo video ya Kipaza inapokatika. Ameikata makusudi, mshenzi.

Nikamvua kiatu huku kijana aliyenidaka mkanda sasa anamshikilia mzee asianguke. Nikachomoa soli. Rimoti ikadondoka vumbini, kitaa chake chekundu kinapepesa. Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu kuliko khutuba. Halafu Hajati, kwa sauti ya upole kabisa, akauliza: "Kumbe na wewe ulikuwa hujatia mkono?"

Walicheka mpaka sheikh akaweka kipaza sauti chini.

Mimi sikucheka, nilikuwa natazama unyayo. Ngozi haikuchanika, alhamdulillahi, ila palikuwa na alama nyekundu, mstatili, unaweza kuhesabu mahali pa vitufe. Wekundu wa kiatu kipya ukiondoka ndani ya dakika 20 hivi, tunapumua. Ukibaki, mgandamizo ulizidi, kidonda kiko njiani. Nikauliza amevaa muda gani. Mzee akatazama saa: "Dakika 25. Kwa amri yako bado 95."

Watu wakataka nikaha iendelee. Nikasema mguu huu siuachi. Basi ikaendelea hivyohivyo: mzee kitini, mguu wa kulia una kiatu, wa kushoto uko mapajani mwangu, mimi nimekaa chini ya meza na saa mkononi. Bwana harusi anatamka amekubali, mimi nahesabu dakika ya 9. Dakika ya 12 alama ikafifia, ya 15 ikaisha, nikatokwa na machozi, na mpiga picha akadhani ni ya furaha ya harusi. Picha rasmi za nikaha ya watu, zitakazotundikwa ukutani kwa maisha yao yote, chini ya kitambaa cha meza mna kichwa changu.

Yaliyobaki ni mafupi. Jioni nilimpigia mzee, na jana na leo, ngozi salama. Kiatu nimekirudisha karakana. Kijana wa Matugga nimemfuata kwa miguu yangu, nimeomba radhi mbele ya wenzake, nimemnunulia rolex mbili. Alizila zote kwanza ndipo akasema atafikiria. Pete ya funguo nimenunua. Kipaza amekula pilau sahani tatu.

Rimoti iko kwa Mzee Afande. Anasema ni kielelezo, na atanirudishia siku nitakapomletea kiatu akikague yeye mwenyewe, juu na chini ya soli. Wajukuu wanasema kila pikipiki ikipita barabarani anabonyeza, kujaribu bahati.

Miadi ni Jumamosi. Nitakwenda kwa teksi.