Orest Subtelny: mpiga zumari wa utaifa, au tumemsoma kwa haraka?

Tangu Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine kwa jeshi zima, nimechoka kusikia Ukraine ikizungumziwa kama kitu kilichozaliwa mwaka 1991, asubuhi moja Umoja wa Kisovieti ulipovunjika. Anayejaribu kurudi nyuma zaidi ya hapo, akataja historia iliyoandikwa na Waukraine wa ughaibuni, hukatwa kauli upesi: hao ni wakimbizi wenye uchungu, wanaandika nchi waliyoitamani, si nchi iliyokuwepo. Mwanahistoria Orest Subtelny ni mmoja wa waliobebeshwa lawama hiyo. Nadhani kaonewa, ingawa si kwa yote.

Alizaliwa Kraków, Poland, Mei 1941, mji ukiwa mikononi mwa Wajerumani. Vita vilipokwisha familia yake ilikuwa Ujerumani kwenye kambi za waliong'olewa makwao, kati ya Waukraine wapatao 200,000 ambao hawakutaka kurejea chini ya Stalin. Kambini humo walimu waliopoteza kila kitu walifungua shule, wakawafundisha watoto historia ya taifa ambalo halikuwa na dola yake. Mwaka 1949 familia ikavuka kwenda Marekani na kutua Philadelphia. Shahada ya kwanza aliipata chuo kikuu cha Temple mwaka 1965, ya uzamivu Harvard mwaka 1973, mwaka uleule chuo hicho kilipofungua taasisi yake ya taaluma za Ukraine kwa michango ambayo wahamiaji walikuwa wakiichanga tangu mwaka 1957. Akafundisha Hamilton College, kisha kuanzia 1982 akahamia York University, Toronto, na huko ndiko alikomalizia kazi. Alifariki Julai 2016.

Mwanzoni alikuwa mtu wa karne ya 18: barua za Mazepa, yule mkuu wa Makosaki, wapiganaji wa nyika za Ukraine, aliyemgeuka mfalme wa Urusi, Peter Mkuu, mwaka 1708 akajiunga na Wasweden, na wafuasi wake waliotangatanga Ulaya baada ya kushindwa Poltava. Kazi ya maktaba ya nyaraka, isomwayo na watu wachache. Jina lake lilitoka kwa kitabu kimoja tu, historia ya Ukraine yenye kurasa zaidi ya 600, aliyoitoa kwa Kiingereza mwaka 1988 kupitia University of Toronto Press.

Kuielewa nguvu ya kitabu hicho lazima umfikirie mwalimu wa historia wa Kyiv mwaka 1991. Kitabu alicho nacho mezani kinamwambia kwamba mwaka 1654, pale Pereiaslav, Makosaki walipoapa utii kwa mfalme wa Urusi, ndugu wawili waliotenganishwa, Mrusi na Muukraine, "waliungana tena". Njaa ya 1932 na 1933 iliyoua mamilioni ya watu haimo, maana mpaka Desemba 1987 mkuu wa chama huko Kyiv alikuwa hajawahi kuitaja hadharani. Desemba 1, 1991 wapigakura zaidi ya asilimia 90 wanasema ndiyo kwa uhuru. Watoto wanarudi darasani, na mwalimu atawafundisha nini? Tafsiri ya Kiukraine ya Subtelny ilikuwa imetoka Kyiv mwaka huohuo. Ikawa ndiyo ya kukimbilia, shuleni na vyuoni. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuwa profesa wa Toronto aliyekulia Philadelphia.

Wakosoaji wanaanzia hapohapo. Kitabu cha wahamiaji, wanasema, kikageuka kitabu cha taifa bila kupita mikononi mwa waliokuwa wakiishi nchini. Hoja yao ya pili ni nzito zaidi: mhusika mkuu ni Muukraine, na wengine wote wanaingia na kutoka kama wapita njia. Wayahudi, Wapolandi, Warusi, Watatari wa Crimea, Wajerumani wa nyika za kusini, wote walizaliwa na kuzikwa katika ardhi ileile. Mwaka 1996 Paul Robert Magocsi, mwenye kiti cha taaluma za Ukraine katika University of Toronto, alitoa historia yake, nene vilevile, kwa mchapishaji yuleyule, ambayo mhusika wake ni ardhi pamoja na wote walioikalia. Maprofesa wawili, jiji moja, mchapishaji mmoja, miaka minane kati yao, na Ukraine mbili tofauti rafuni. Mwaka mmoja kabla yake mwanahistoria Mmarekani Mark von Hagen alikuwa ameuliza katika jarida la Slavic Review kama Ukraine ina historia. Hakuwa akikejeli. Alichotaka ni kuonyesha kwamba mipaka iliyohamahama na watu waliochanganyika ni utajiri wa kuchunguzwa, na kwamba simulizi ya taifa moja linalosonga kuelekea uhuru huupoteza.

Hoja hiyo naikubali. Nisichokubali ni hatua inayofuata, ya kumweka Subtelny kapu moja na wapiga zumari wa utaifa. Maana mwenyewe alitangaza mapema kwamba nyuzi mbili ndizo zinazoshikilia kitabu chake: kukosa dola na kuingia kwa usasa. Uzi wa kwanza wanautaja wote. Wa pili wanauruka, na ndio unaouma.

Chukua sensa ya Dola ya Urusi ya mwaka 1897. Kyiv ilikuwa na watu karibu 248,000. Waliotaja Kiukraine, "Kirusi Kidogo" kwa msemo wa serikali, kuwa lugha yao ya mama walikuwa kama asilimia 22. Kirusi, 54. Yidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya mashariki, 12. Yaani katika kila watu kumi waliokanyaga barabara kuu ya jiji tunaloliita moyo wa Ukraine, wawili tu ndio waliosema Kiukraine nyumbani. Odesa, mji wa bandari wa kusini, kati ya kila kumi walikuwa pungufu ya mmoja. Ukitoka nje ya jiji, vijiji pande zote wakazi wengi ni Waukraine.

Tarakimu hii nimeigeuza mara nyingi. Mkosoaji anaishika na kusema: unaona, huwezi kuandika historia ya Kyiv kwa kumfuata mtu asiyefika robo ya wakazi. Sawa. Lakini sensa iliuliza lugha, haikuuliza asili, na tangu agizo la Ems la mwaka 1876, lililotolewa na mfalme wa Urusi, uchapishaji wa vitabu kwa Kiukraine ulikuwa umebanwa karibu kabisa. Karani wa ofisini anayetaka kupanda cheo, mtoto wa mkulima aliyepelekwa shule, atataja lugha gani mbele ya mwandikishaji wa serikali? Ndani ya ile 54 wamo wangapi ambao bibi zao hawakujua neno la Kirusi?

Subtelny angeweza kuishia hapo, kwenye dhuluma. Mpiga zumari angeishia hapo. Yeye aliendelea mpaka mahali pasipopendeza: kwamba reli, viwanda, benki na vyuo, usasa wote, ulikuja Ukraine ukiongea lugha za wengine na kubebwa na wengine, na Waukraine wakabaki wakijifananisha na jembe na kijiji. Hayo si maneno ya kusomea sherehe. Isitoshe, huwezi kuyaeleza bila kuwataja Wayahudi, Warusi na Wapolandi kama waendeshaji wa maisha ya mijini. Lawama kwamba hakuwaona ni ya kupunguzwa kidogo: aliwaona, ila aliwatazama akiwa amesimama kijijini.

Julai 2021 Vladimir Putin alipoandika makala ndefu akidai Warusi na Waukraine ni watu wamoja, Subtelny alikuwa kaburini miaka mitano. Waliotaka majibu walirudi kwake, na huko kuna hatari, kwa sababu kitabu kinachotumiwa kama ngao husomwa kurasa za ngao tu. Zile za usasa hazisomwi.

Kwa mwanafunzi anayeniuliza aanzie wapi, bado nampa Subtelny kwanza, aanze na sura za karne ya 19, kisha Magocsi. Isipokuwa akiuliza habari za Crimea na Watatari waliosombwa na Stalin Mei 1944. Hapo namwambia amruke Subtelny, aende moja kwa moja kwa Magocsi.