Gofu la Hamburg na magofu ya Kaole

Hapa Hamburg ninapoishi, kila nikipita penye kanisa la St. Nikolai huikumbuka Bagamoyo. Kanisa hilo lilibomolewa kwa mabomu mwaka 1943. Leo umebaki mnara wa mita 147 na kuta zisizo na paa, na wenyeji wameliacha hivyo kwa makusudi, wakaliita Mahnmal, yaani ukumbusho unaoonya, tofauti na Denkmal, jina la ukumbusho wa kawaida. Sisi tungeliita gofu, na mtu akisikia gofu huwaza popo na magugu.

Kaole, karibu na Bagamoyo, kuna msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa bakuli za Kichina, lakini jina letu la kila siku ni magofu tu. Ukisema mnara, msikilizaji hutazama juu. Ukisema sanamu, wazee wetu, waliojua kuwa neno hilo kwa asili yake ya Kiarabu ni la vinyago vya kuabudiwa, walikunja uso.

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 nayo hupima umri: jengo la kabla ya 1863 linalindwa lenyewe, ilhali Boma la Wajerumani la Bagamoyo, lililojengwa mwaka 1897, linahitaji tangazo la waziri. Mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya 1940 umetajwa humo pia, jambo linalonifurahisha kila nikiukumbuka wa kwetu.

Sisemi kwamba Wajerumani wametushinda kwa busara. Sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyeongoza vita dhidi ya Abushiri, kiongozi wa waliowapinga Wajerumani pwani, ilisimamishwa Dar es Salaam mwaka 1909, ikachukuliwa na Waingereza, na kuanzia 1922 ikasimama Hamburg mbele ya chuo kikuu, mpaka wanafunzi walipoiangusha mwaka 1968. Miaka yote hiyo ilikuwa Denkmal. Neno la onyo walikuwa nalo, ila kwa waliouawa pwani yetu hawakulitumia.

Ufukweni Bagamoyo, Wajerumani walipowanyonga waliowapinga, pana alama ya ukumbusho, ndogo kuliko kuitwa mnara na nzima kuliko kuitwa gofu. Nilipokwenda likizo nilimwuliza mpwa wangu, aliyezaliwa hatua chache kutoka hapo, panaitwaje.

“Pale baharini tu, mjomba,” akanijibu.