Kabla ya Kununua Spika za Mamilioni, Itazame Sebule

Katika maduka ya vifaa vya umeme ya Kariakoo, jijini Dar es Salaam, sauti inauzwa kwa ngazi. Chini kabisa kuna sabufa, yaani spika ya besi, yenye spika mbili ndogo. Juu yake kuna saundibaa, ile spika moja ndefu inayowekwa chini ya runinga, kisha homu thieta ya boksi moja yenye spika tano na sabufa yake, na mwisho kuna mfumo unaonunuliwa kipande kimoja kimoja, amplifaya (kikuza sauti) peke yake na spika peke yake, ambao bei yake hufika ya pikipiki mpya na wakati mwingine huipita. Maoni yangu ni kwamba kupanda kutoka chini hadi katikati kunalipa, tena kunalipa sana, kwa sababu runinga bapa za siku hizi hazina nafasi ya spika ya maana na nyingi hutoa sauti kuelekea chini au nyuma. Lakini kutoka katikati hadi juu, wanunuzi wengi hulipia kitu ambacho sebule zao haziwezi kuwapa.

Nianze na wati, maana ndizo zinazotumiwa kuhalalisha bei. Kwenye maboksi mengi yameandikwa maelfu ya wati kwa tarakimu kubwa, na pembeni yake herufi PMPO. Kipimo hicho hakina kanuni moja inayokubalika, hivyo kila kiwanda hukokotoa kinavyopenda. Kipimo chenye maana ni RMS, yaani nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa mfululizo. Mnunuzi anaweza kujihakikishia mwenyewe kwa kukigeuza chombo na kusoma kibandiko cha nyuma: ikiwa kimeandikwa kwamba kinatumia wati 60 za umeme, hakiwezi kutoa wati 5,000 za sauti mfululizo, kwa kuwa hakuna mashine inayotoa nguvu kubwa kuliko ile inayoingia. Hata pale wati zilipo za kweli, sikio halizipokei kwa uwiano wa bei. Nguvu ikizidishwa mara 2, sauti huongezeka desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, tofauti inayosikika lakini isiyomshangaza mtu. Ili msikilizaji aone kuwa sauti imekuwa kubwa maradufu, nguvu inabidi iongezwe mara 10 hivi. Spika nyingi za nyumbani hutoa desibeli 85 hadi 90 kwa wati 1 pekee, zikipimwa kwa umbali wa mita 1. Familia inayotazama tamthilia baada ya chakula cha usiku inatumia wati chache mno, iwe imenunua mfumo wa laki nne au wa milioni nne.

Jambo ambalo muuzaji haligusi, nami naliona kuwa kubwa kuliko yote, ni chumba chenyewe. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilimpa Wallace Sabine, mwalimu kijana wa fizikia, kazi ya kuutibu ukumbi wa mihadhara wa jumba la sanaa la Fogg, ambamo sauti iliendelea kuvuma kwa sekunde 5 na nusu hivi baada ya kutamkwa, hata neno la pili likalifunika la kwanza. Sabine alichukua mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo, akawa anaiingiza usiku kwa usiku huku akipima muda wa mwangwi kwa bomba la kinanda na saa. Akabaini kwamba muda huo hutegemea ukubwa wa chumba na kiasi cha vitu laini vinavyoinywa sauti, na kanuni aliyoipata ingali inatumiwa na wanaosanifu kumbi hadi leo.

Sasa tuziangalie sebule zetu. Sakafu ni ya marumaru, kuta ni za tofali zilizopigwa plasta, madirisha ni ya alumini na vioo vipana, na dari ni ya jipsamu. Karibu kila uso ni mgumu na unairudisha sauti. Maneno ya mwigizaji yanatoka kwenye spika, yanamfikia msikilizaji, kisha yanamfikia tena na tena kutoka ukutani na sakafuni, na hapo ndipo mtu anapolalamika kwamba muziki unanguruma vizuri lakini mazungumzo hayaeleweki. Spika ya bei mara tano haiondoi mwangwi huo. Zulia nene mbele ya runinga, mapazia mazito kwenye vioo, makochi ya kitambaa badala ya ngozi na kabati la vitabu kwenye ukuta wa nyuma vinaupunguza, na vingi kati ya hivyo mtu angevinunua hata kama hana redio.

Besi nayo ina kanuni zake. Sauti husafiri kwa takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo chumba chenye urefu wa mita 4 huwa na mlio wake wa asili karibu na hezi 43, yaani mitetemo 43 kwa sekunde, ambao huvimba sehemu moja ya chumba na kufifia sehemu nyingine. Ndiyo maana katika sebule moja aliyekaa kwenye kochi la ukutani anahisi kifua kikitetemeka, ilhali aliyekaa katikati haoni besi yoyote. Sabufa iliyosukumwa kwenye kona hunguruma zaidi, ila mara nyingi kwa mlio mzito usio na mpaka. Dawa yake haina gharama: iweke sabufa pale unapokaa siku zote, piga wimbo wenye besi inayotembea, kisha inama na kuzunguka chumba ukisikiliza, na mahali besi inaposikika safi na sawasawa ndipo sabufa inapopaswa kuhamia.

Kisha kuna suala la kile tunachokisikiliza. Dolby Atmos, teknolojia ya sauti ya kumzunguka mtazamaji, ilianza katika kumbi za sinema mwaka 2012 na ikaingia majumbani mwaka 2014, ikiwa na ahadi ya sauti zinazopita juu ya kichwa cha mtazamaji. Ahadi hiyo ni ya kweli pale filamu ilipotengenezwa hivyo na ikafika nyumbani kamili. Hata hivyo sehemu kubwa ya tunayotazama, yaani taarifa za habari, tamthilia zetu, video za muziki, na filamu za nje zilizotiwa masimulizi ya Kiswahili kisha kuuzwa kwenye flashi, hutufikia kwa njia mbili tu za sauti, kushoto na kulia. Amplifaya ghali itazigawa njia hizo mbili kwenye spika saba au tisa kwa kukisia, na matokeo wakati mwingine hupendeza, lakini ni makisio. Huduma za filamu kwa intaneti zinazotoa Atmos nazo huibana sauti ili isile data nyingi, wakati diski za Blu-ray huibeba bila kupoteza kitu, na ni wachache kwetu wanaozinunua. Kuhusu waya za HDMI, zinazounganisha runinga na vyombo vya sauti, za bei kubwa sina mengi ya kusema: waya uliotengenezwa vizuri kwa bei ya kawaida hufikisha sauti ileile.

Wapo wanaojibu kwamba mfumo mkubwa una utulivu ambao mdogo hauna, nami nakubali kwamba spika nzuri ikipewa nafasi haichoshi masikio. Nafasi hiyo wengi wetu hatuna. Tunaishi katika nyumba za kupanga ambamo ukuta wetu ni ukuta wa jirani, na besi hupenya ukuta kuliko sauti nyembamba, kwa hiyo mfumo unapigwa kwa sauti ndogo siku zote. Watafiti wa sauti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti inapopunguzwa, sikio la binadamu hupoteza besi kwanza. Aliyelipa mamilioni kwa ajili ya ngurumo anaishia kupunguza ile ngurumo aliyoilipia, na mtoto wa jirani mwenye mtihani kesho ana haki ya kulala.

Kwa hiyo pesa ya ziada ningeipeleka kwingine. Katika mfumo wa spika tano, sehemu kubwa ya mazungumzo hupitia spika ya katikati, hivyo afadhali spika tatu bora za mbele kuliko tisa hafifu. Ningeangalia pia kama chombo kinatengenezeka. Pwani, ule ukingo wa sponji unaozunguka koni ya spika huoza kwa joto na unyevu, ilhali wa mpira hudumu zaidi. Na spika ya kawaida ikiharibika, fundi redio wa mtaani hubadilisha ukingo au koili (waya uliosokotwa unaoisukuma koni) ndani ya siku chache, wakati saundibaa ya kifahari yenye bodi moja ya umeme ikiungua huwa hakuna kipuri. Mwenye chumba cha peke yake kwa ajili ya filamu, chenye zulia na mapazia, asiye na jirani wa kumsumbua na anayenunua diski, huyo namshauri anunue mfumo mkubwa bila wasiwasi, aanze na zile spika tatu za mbele, na za darini azifikirie mwisho.