Tuachieni Lile Giza

Ijumaa Kuu jioni nilitoka kanisani nimekasirika, na mpaka leo hasira haijaniisha. Waliohusika ni watu wenye nia njema na ninawapenda, ndiyo maana nilijitahidi kunyamaza. Imenishinda.

Ilikuwa ile ibada ya giza, ambayo kwa jina lake la kale huitwa Tenebrae. Mishumaa kumi na mitano inapangwa juu ya kinara cha pembetatu. Kila zaburi ikiisha, mtumishi anainuka, anazima mmoja, anarudi kuketi. Ukizimwa wa kwanza huoni tofauti yoyote. Ukifika wa saba, unagundua kwamba uso wa mtu aliyekaa upande wa pili wa njia huuoni tena. Kwenye wa kumi na mbili, msomaji alikisogeza kitabu karibu kabisa na macho, akaanza kusoma polepole, neno moja moja, na kusoma kwake kwa shida kukayafanya maneno yawe mazito zaidi. Ulipozimwa wa kumi na nne, nilikuwa nasikia pumzi za watu.

Ule wa kumi na tano hauzimwi. Unachukuliwa ukiwa unawaka, unafichwa nyuma ya altare. Zaburi ya 51 inasemwa gizani. Kisha kinakuja kishindo, vitabu vinapigwa juu ya mabenchi, kama nchi ilivyotetemeka katika Injili ya Mathayo. Baada ya kishindo, mshumaa ule mmoja unarudishwa mahali pake, na watu wanaondoka bila kusema neno.

Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Sisi, mwangwi wa kishindo ulikuwa haujatulia, taa zote zikawashwa kwa mkupuo. Mtu akashika kipaza sauti: "Bwana asifiwe! Sisi tunajua Jumapili inakuja!" Kinanda kikaingia, pambio la ufufuko likaanza, makofi. Halafu matangazo.

Viti viwili kutoka kwangu alikaa mama mmoja aliyemzika mwanawe wa kiume, hata miezi miwili haijatimia. Tangu mshumaa wa tisa hivi alikuwa analia bila sauti, ameshika ukingo wa benchi la mbele kwa mikono miwili. Taa zilipowaka alijifuta uso haraka kwa ncha ya mtandio, kama mtu aliyefumwa akifanya kosa. Kisha akapiga makofi pamoja nasi. Hayo makofi yake ndiyo yaliyonikata maini.

Fikirini alivyoishi tangu siku ya mazishi. Jikaze. Usilie sana, unamsumbua marehemu. Mungu amempenda zaidi. Yuko mahali pema. Kila anayemkuta na machozi ana sentensi ya kuyakausha, na wengi wetu tunasema hivyo kwa sababu machozi ya mwenzetu yanatutisha sisi. Katika mwaka mzima kanisa lina jioni moja ambayo halimwambii mtu ajikaze. Jioni hiyo kanisa lenyewe linavuliwa mapambo, kengele zinakaa kimya, altare inabaki tupu, na Mwana wa Mungu anauliza kwa sauti kuu, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Jioni ile mama huyu alikuwa na haki ya kuanza, sisi tumfuate. Alikuwa amekwisha kuanza. Tukamkatiza kwa wimbo.

Najua jibu, nimeshaambiwa: Kristo amefufuka, hafi tena, kwa nini tujifanye hatujui? Ni kweli amefufuka, nami naishi kwa imani hiyo. Lakini kujua mwisho wa jambo hakumzuii mtu kulia. Yesu alikwenda Bethania akijua kabisa kwamba Lazaro atatoka kaburini. Alikuwa amekwisha kuwaambia wanafunzi wake anakwenda kumwamsha. Hata hivyo alipomwona Mariamu analia na watu wanalia, Yohana anaandika kwamba Yesu akalia machozi. Hakumwambia Mariamu afute uso kwa kuwa baada ya muda mfupi mambo yatakuwa sawa. Alilia naye kwanza. Nayo Zaburi ya 88 inaanza gizani na kuishia gizani, bila hata mstari mmoja wa kuinuka mwishoni, na waliokusanya zaburi hawakuona haja ya kuitengeneza.

Sisi tunaosoma Injili kwa Kiswahili tumepata zawadi ambayo wasomaji wa lugha nyingi hawana. Marko anasema walimsulubisha saa tatu, giza likaingia saa sita, likakaa juu ya nchi hata saa tisa. Hizo ni saa zetu zilezile, za kutaja kila siku, huna haja ya kuongeza wala kupunguza. Saa tatu nzima za giza, na Mungu hakuzipunguza kwa ajili ya mtu yeyote aliyesimama pale, hata mama yake. Sisi tulishindwa kuvumilia dakika tano.

Katika karne ya nne mwanamke mmoja aitwaye Egeria alisafiri mpaka Yerusalemu, akaandika alichokiona huko siku kama hii. Kuanzia saa sita hadi saa tisa watu walisimama mbele ya Msalaba wakisomewa habari za mateso, na anasema hapakuwa na mkubwa wala mdogo ambaye hakulia. Anaeleza pia jinsi walivyopita mmoja mmoja kuubusu mti mtakatifu, huku mashemasi wakiulinda, kwa sababu inasemekana kuna mtu aliwahi kuung'ata akaondoka na kipande mdomoni. Huwa namfikiria sana mtu yule. Alikosea, lakini alikuwa na njaa ya kitu ambacho sisi tunakipita mbio.

Nakubali kwamba ibada hizi zimewahi kuhamishwa. Tenebrae yenyewe asili yake ni sala za usiku na alfajiri, zikasogezwa hadi jioni ya siku iliyotangulia. Katika Kanisa Katoliki, kwa muda mrefu ibada ya Ijumaa Kuu ilifanyika asubuhi, na Mkesha wa Pasaka pia ukafanyika Jumamosi asubuhi, watu wakiimba "usiku huu" na jua limejaa madirishani. Ni mwaka 1955 ndipo Papa Pius XII alipoagiza Ijumaa irudi mchana, karibu na saa aliyokufa Bwana, na mkesha urudi usiku, kuanzia Pasaka ya 1956. Kwa hiyo saa zinaweza kusogezwa, na zikisogezwa vibaya zinaweza kurudishwa. Hilo linanipa moyo. Kama walidiriki kuurudisha usiku mzima mahali pake, sisi tunaweza kurudisha dakika chache za kimya.

Nakubali pia kwamba wazee wanaweza kujikwaa ngazini na watoto wanaogopa giza. Basi iachwe taa moja ndogo mlangoni.

Na kuna giza moja la siku hii ambalo lilistahili kuondolewa. Kwa karne nyingi mahubiri ya Ijumaa Kuu yaliwachochea Wakristo kuwapiga Wayahudi, na sala ya siku hiyo iliwataja kwa neno la kuwadharau, mpaka Papa Yohane XXIII alipoliondoa mwaka 1959. Anayelia kwa ajili ya Msulubiwa kisha akamchukia jirani yake hakumlilia Msulubiwa.

Lakini kimya, jamani, kimya kimemdhuru nani? Luka anasema watu waliokusanyika kutazama, walipoona yaliyotendeka, waliondoka wakijipiga-piga vifua. Hakuna aliyewapangia watoke na maneno gani. Yusufu wa Arimathaya alivingirisha jiwe akaenda zake. Halafu Mathayo anaweka sentensi moja ninayoipenda kuliko nyingi: Mariamu Magdalene na Mariamu yule wa pili walikuwapo pale, wameketi kulielekea kaburi. Wameketi tu. Hawasemi kitu, hawana la kufanya, jioni inaingia na Sabato inakaribia. Injili haikuwaharakisha hata wao, ambao ndio watakaopewa habari njema mapema kuliko mitume.

Ninachoomba kwa wanaopanga ibada ya mwaka ujao ni hiki tu: msomaji akifunga kitabu, kipaza sauti kizimwe na kisiwashwe tena. Matangazo yasomwe kabla ya zaburi ya kwanza au yabandikwe mlangoni. Mpiga kinanda aende nyumbani kama wengine. Pambio lile lina siku yake, na siku hiyo nitaimba mpaka sauti inikauke.

Tulipotoka nilimkuta yule mama amesimama kwenye ngazi ya chini, ameshika mkoba kwa mikono miwili kama alivyoshika benchi. Nilimpa pole. Akaniuliza, "Mwanangu, ule mshumaa waliurudisha? Mimi sikuuona."

Nikageuka kutazama ndani. Ulikuwa umerudi juu ya kinara, unawaka, chini ya zile taa zote. Hata mimi sikuuona ukirudi.