Nimebeba kalipa toka Uingereza mpaka Mwanza, fundi akaziangalia sekunde tano tu

Mi niko Uingereza mwaka wa tisa sasa, Coventry, na kila nikirudi Mwanza likizo lazima mtu aniulize, eti kule si kila kitu rahisi? Najibu inategemea. Umeme na barabara, sawa. Ila kubadilisha breki za gari nyumbani kwako mwenyewe, leo nasema wazi kwamba Mwanza ni rahisi zaidi, na nyie ndugu zangu wa ughaibuni mnaopenda kuwaponda mafundi wa nyumbani nisomeni kwanza afu ndo mje mnitukane.

Iko hivi. Mdogo wangu ana Subaru Impreza WRX ya 2003, ile yenye turbo, na kafanya kama vijana wote wa Subaru wanavyofanya, hela ya kwanza ekzosi, ya pili muziki, ya tatu taa. Breki ni zilezile gari ilizoshuka nazo melini. Akaniambia kwenye simu, braza nikikimbiza kidogo afu nikashika breki mara tatu nne, pedeli inakuwa laini kama nakanyaga godoro na usukani unatetemeka. Mi nikamwambia tulia, nakuja na dawa.

Dawa yenyewe nikainunua yuzdi kule kule, kalipa (kile chuma kinachobana pedi kwenye diski) za mbele za STI, yaani ile WRX kali zaidi, za kampuni ya Brembo, rangi ya dhahabu, pistoni nne kila moja, na diski zake mpya za milimita 326. Ukiiweka diski ya zamani ya dogo juu ya hiyo unaona pete nzima imebaki nje. Na sikukurupuka jamani, nilisoma wiki nzima, mpaka nikajua kwamba STI za modeli ya 2005 kuendelea nati za tairi zimekaa kwenye duara la milimita 114.3 wakati WRX ya dogo ni 100, kwa hiyo nikatafuta za kabla ya hapo. Nikajiona injinia. Begi la kilo 23 likajaa chuma, nguo zangu nikazivaa zingine mwilini pale eapoti kama mgonjwa wa malaria, na zawadi ya mama ikawa boksi moja la chokoleti, ambalo mpaka leo naambiwa.

Sasa kabla sijafika Mwanza ngoja niwaambie kule inakuwaje. Kule fundi ni ghali, hela ya saa moja ya gereji ukija nayo huku unamlipa mtu siku kadhaa, kwa hiyo wengi tunafanya wenyewe mbele ya nyumba. Unakuwa peke yako na simu yenye video, baridi inakung'ata vidole mpaka spana unaisikia kama barafu, na ukibadilisha kitu kutoka kile cha kiwandani inabidi umwambie mwenye bima, usipomwambia siku ukigonga anaweza kukukana. Gari ikishafika miaka mitatu kila mwaka inapelekwa kukaguliwa, breki zinapimwa kwenye mashine yenye roli zinazozungusha tairi, tairi moja ikishika vizuri kuliko mwenzake inaonekana palepale. Hilo nalipenda, sidanganyi. Lakini kuna kitu hakuna video inakuambia. Kutoa upepo kwenye breki kunataka watu wawili, mmoja akanyage mmoja afungue kinati cha kutolea upepo pale kwenye kalipa, na mi mara ya kwanza kule nilikaa nimeshika spana najiuliza nimwite nani, jirani wa kulia simjui jina, wa kushoto tunapungiana mikono tu. Nikaishia kununua kachupa kenye mpira wenye valvu ya njia moja, nikawa nakanyaga mwenyewe natoka nakwenda kuangalia narudi nakanyaga tena, saa mbili nzima, giza la saa kumi jioni likanikuta hapo hapo.

Haya, Nyegezi, nyumbani kwetu, asubuhi. Upepo wa ziwa, jirani kaanika dagaa kwa hiyo harufu mnaijua. Fundi wa dogo kaja na mkoba wake, mzee wa miaka sitini na kitu. Mwangaluka, mwangaluka, tukasalimiana Kisukuma. Mi nikafungua begi kwa mbwembwe, nikatoa kalipa moja nikamkabidhi kama namkabidhi mtoto. Akaigeuza. Akachuchumaa, akachungulia ndani ya rimu kati ya zile stiki zake, akaitazama tena kalipa.

"Haiingii hii."

Nikamwambia mzee, hizi zinaingia bolti kwa bolti, nimesoma. Akasema, "Bolti zitaingia mwanangu. Rimu ndo haitaingia."

Mi si mtu wa kukubali haraka, nikasema tufunge tuone. Akafunga bila kinyongo, bolti zikaingia kweli, nikamtazama dogo kama kumwambia unaona? Tukarudisha tairi. Haikai. Inagonga mgongo wa kalipa, hata kufika kwenye hab, pale inapofungwa nati, haifiki. Gari ina rimu saizi 16 na hizo Brembo zinataka kuanzia 17, kitu ambacho kila mtu mwenye STI anakijua na mi nilikuwa nimekisoma kabisa, nikakisahau kwa sababu akili yote ilikuwa kwenye matundu ya nati. Mzee hakucheka. Watoto walicheka.

Kule ningerudisha mzigo posta, nirudishiwe hela, yaishe kimyakimya. Huku umeumbuka mbele ya mtaa mzima na bado mnatakiwa kumaliza kazi pamoja. Na tukamaliza. Mzee akafungua kile kikopo cha mafuta ya breki pale juu, akachovya kidole, akanionyesha. Rangi ya kahawa ya kijiweni. Hayajawahi kubadilishwa toka gari inunuliwe. Na hapo ndo ugonjwa wenyewe ulipo, maana mafuta ya breki yananyonya maji toka hewani taratibu, na sisi tunakaa pembeni ya ziwa. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 230, yakishalowa kiwango kinashuka mpaka 155, na kalipa ikipata moto yanachemka, yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, ndo godoro la dogo hilo. Usukani kutetemeka ni diski zimekwisha bila usawa. Dogo akatumwa mjini na bodaboda akarudi na diski za saizi yake ileile, pedi nzuri, na chupa mbili za DOT 4 zenye sili.

Nisimpambe mzee kupita kiasi. Alitaka kutumia mafuta yake ya kwenye kopo lililofunguliwa sijui lini, nikakataa. Alitaka kupaka girisi ya beringi kwenye zile pini za kalipa, nikakataa pia kwa sababu inavimbisha zile raba, nilikuwa na yangu maalumu ya silikoni kwenye begi. Na gari aliegesha juu ya jiwe, Mwanza mawe hayajawahi kuisha, hapo nilisema mi chini siingii mpaka tairi ilazwe chini ya bodi. Akalalamika kidogo, akafanya. Lakini alipotoa kalipa, kabla sijafungua mdomo kumwambia usiiache ining'inie kwenye paipu ya mpira, alikuwa ameshakata waya wa kamba ya kuanikia nguo na kuifunga kwenye springi. Mi hilo nilifundishwa na video. Yeye alifundishwa na paipu zilizopasuka.

Afu tukafika kwenye kutoa upepo. Jamani. Mtoto wa dada yangu, darasa la tano, kaingia kwenye siti, mzee kalala ubavu na spana ndogo na kampira kameingia kwenye chupa ya maji. "Kanyaga!" Mtoto, "Nimekanyaga!" "Shika!" "Nimeshika!" Kinati kinafunguliwa, vipovu vinatoka, kinafungwa, "Achia!" Mpaka tairi ya pili watoto wote uwanjani wanaitikia, nimekanyagaaa, nimeshikaaa, mama kasimama mlangoni anauliza kuna nini. Nusu saa tairi zote nne zimekwisha. Nilikumbuka ile jioni yangu ya Coventry nikanyamaza.

Jumapili alfajiri tukatoka na dogo njia ya Kisesa kwenda Magu, kuzizoesha pedi na diski mpya, toka 80 mpaka 20 mara kama kumi hivi bila kusimama kabisa, afu unaiacha itembee ipoe. Pedeli ngumu, usukani umetulia. Na hapo kwenye gari nikamwambia ukweli ambao ungeniokolea hela nyingi. Diski kubwa haikusimamishi mapema mara ya kwanza, hiyo ni kazi ya tairi. Diski kubwa inabeba joto ili breki ya kumi iwe kama ya kwanza, na joto halipandi kidogo kidogo, ukitoka 70 kwenda 100 linakuwa kama mara mbili. Kwa hiyo kama ni mjini na matuta yetu haya huzihitaji. Dogo akasema sawa braza, ila zinapendeza.

Zikabaki chini ya kitanda chake. Mi nimerudi Coventry, mwezi wa pili sasa. Juzi nimepata meseji ya sauti toka kwa yule mzee, kuna kijana Igoma anauza spoti rimu saizi 17 zote nne, nitume hela. Nikaanza kuandika, mzee hakikisha kwanza duara la nati, sijamaliza ikaingia sauti ya pili: "Kalipa nilikwenda nayo. Inaingia."